Gliseroli na Purini: Historia ya Maneno Machache ya Umetaboli, Ikitazamwa Kutoka Songea

Katika makala haya tunakusudia kufuatilia historia ya maneno machache yatumikayo kueleza kazi moja ya mwili wa binadamu, nayo ni jinsi mwili unavyozitengeneza, unavyozibadili na unavyoziondosha dutu mbili: gliseroli, ambayo ni kiungo cha mafuta, na purini, ambazo ni viungo vya asidi zilizomo katika viini vya seli zote. Tumeyachagua maneno haya kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba mfasiri akipewa karatasi ya maelekezo ya mgonjwa wa jongo, au mwalimu akiulizwa na mwanafunzi wake mwili hula nini siku ambayo haukuletewa chakula, hawezi kupita bila kukutana nayo. Ya pili ni kwamba maneno haya, ingawa husikika kuwa mageni kabisa, yameshikamana na maisha ya watu wetu zaidi ya tunavyodhani. Tumeamua kuyatazama kutoka Songea, mkoani Ruvuma, kwa kuwa huko historia ya njaa, ya chakula na ya lugha ya taifa imekutana mahali pamoja.

Dutu hizi mbili ziligunduliwa na mtu mmoja. Carl Wilhelm Scheele alikuwa mwuza dawa katika mji mdogo wa Köping nchini Sweden. Mwaka 1776 aliyachunguza mawe yaliyotolewa katika vibofu vya wagonjwa, akakuta ndani yake asidi ambayo haikuwa imejulikana. Mwaka 1783 alichemsha mafuta ya zeituni pamoja na oksidi ya risasi, akapata majimaji mazito yenye utamu. Akayahesabu kuwa ndiyo asili tamu ya mafuta. Hakuwa na njia ya kujua kwamba vitu hivyo viwili vina uhusiano wowote ndani ya mwili. Alifariki mwaka 1786, naye ana umri wa miaka 43 tu, akiwa ameacha nyuma yake vitu vingi visivyokuwa na majina thabiti.

Majina yalikuja baadaye, na wengi wa waliyoyatoa walikuwa Wafaransa. Asidi ya mawe ikapewa jina linalotokana na neno la Kigiriki la mkojo, ndipo tukapata asidi ya uriki. Ule utamu wa mafuta ukapewa na Michel Eugène Chevreul jina la gliserini, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kitu kitamu. Wanakemia walipokubaliana baadaye kwamba dutu zote za jamii ya alkoholi ziishie kwa kiambishi cha -oli, gliserini ikawa gliseroli. Mtafsiri azingatie kwamba glukosi nayo imetokana na mzizi huo huo wa utamu. Gliseroli na glukosi ni ndugu kwa jina. Tutaona hivi punde kwamba ni ndugu kwa matendo pia, jambo ambalo waliozipa majina hawakulijua.

Hapa pana tatizo la kwanza la istilahi, nalo si la maabarani bali la dukani. Miezi ya Juni na Julai Songea huwa na baridi kali, na watu hununua chupa ndogo za gliserini kwa ajili ya kupaka midomo na visigino vilivyopasuka. Mama wa nyumbani analijua neno hilo, na hata kama ulimi wake hulitamka kwa namna yake, anajua kitu chenyewe ni kizito, ni kitamu kikigusa ulimi, na huvuta unyevu. Mwanafunzi huyo huyo aliyetumwa dukani kununua gliserini anaingia darasani na kufundishwa habari za gliseroli, wala hakuna anayemwambia kwamba ni kitu kile kile. Sisi hatupendekezi kuliondoa neno la dukani. Twapendekeza kila kitabu cha sayansi kinapolitaja neno gliseroli mara ya kwanza kiseme wazi kwamba ndiyo gliserini ya madukani, kisha kiendelee. Sentensi moja yatosha, na mwanafunzi atakuwa amekwishaishika dutu hiyo mkononi kabla ya kuichora ubaoni.

Jina la purini ni la baadaye zaidi. Mjerumani Emil Fischer alilibuni mwaka 1884 kwa kuunganisha maneno mawili ya Kilatini, moja likiwa na maana ya kitu safi na jingine likiwa la hiyo asidi ya mkojo. Alikuwa ametambua kwamba asidi ya uriki, zanthini, adenini, guanini iliyopatikana kwanza katika samadi ya ndege wa baharini, na hata kafeini ya kahawa, zote ni watoto wa mama mmoja. Naye akampa mama huyo jina kabla hajamwona. Purini yenyewe aliipata ikiwa safi mjini Berlin mwaka 1898. Mwaka 1902 alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia.

Miaka hiyo twaijua vema kwa sababu nyingine. Wajerumani walijenga boma lao Songea mwaka 1897, na mwaka 1898, ule ule ambao Fischer alipata purini, wamisionari wa Kibenediktini walianzisha misheni ya Peramiho, mwendo mfupi kutoka mjini. Basi wakati Ulaya inajipatia msamiati wa umetaboli, Ungoni ilikuwa inaingizwa katika utawala ambao miaka michache baadaye ungeleta njaa kubwa, na njaa ni hali ambayo ndani yake kila hatua tutakayoieleza hapa chini huonekana wazi kuliko katika hali nyingine yoyote. Lakini kabla ya kufika huko, yatupasa tuseme neno juu ya lugha.

Mwanzoni mwa mwaka 1967 Makamu wa Pili wa Rais, Rashidi Mfaume Kawawa, aliyezaliwa katika sehemu za Songea mwaka 1926, alitangaza kwamba shughuli zote za Serikali zifanywe kwa Kiswahili. Katika mwaka huo huo Bunge lilitunga sheria ya kuunda Baraza la Kiswahili la Taifa. Kazi iliyoliangukia Baraza ilikuwa kubwa, kwani maofisi, mahakama na shule za msingi zilihitaji maneno kwa maelfu. Kanuni iliyofuatwa yajulikana: neno litafutwe kwanza katika Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha katika lugha za Kibantu, kisha katika lugha nyingine za Kiafrika, na mwisho ndipo tukope nje. Kanuni hii imetuletea maneno mazuri, na pia imetuachia maswali, nasi tutatoa mfano mmoja ulio katikati ya habari yetu.

Mfano huo ni kimeng'enya. Kumeng'enya ni kuvunjavunja kitu vipande vidogo vidogo, kama mtu anavyoumeng'enya muhogo uliochemshwa. Walipotafutiwa jina wale watendaji wadogo wa mwilini wanaoharakisha mabadiliko ya kikemia, neno kimeng'enya lilipendeza: ni la Kiswahili, lina picha, na mtu asiyesoma sayansi hulielewa kwa nusu. Kwa kazi za tumboni linafaa kabisa. Lakini vimeng'enya vingi havimeng'enyi. Vingine hujenga, vingine huunganisha, vingine huhamisha kipande kutoka dutu moja kwenda nyingine. Kimeng'enya kinachoipokea gliseroli katika ini hakiivunji, kinaibandika fosfati. Je, tuliache neno? Sisi twasema hapana. Neno likishaingia vinywani mwa walimu kwa miongo kadhaa halina tena deni kwa asili yake. Ila mwalimu asilifafanue kwa kurudi kwenye muhogo kila mara, maana mwanafunzi atabaki akiamini kwamba mwili ni kinu tu.

Neno umetaboli lenyewe limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya badiliko. Wapo waliolitafsiri kuwa uyeyushaji wa chakula, na tafsiri hiyo haifai hata kidogo, kwa sababu uyeyushaji huishia tumboni na utumboni, ilhali umetaboli huanza pale ambapo chakula kimekwisha kuingia katika damu. Wengine wameandika uvunjaji na ujengaji wa mwili. Hiyo ni kweli, ila ni maelezo, si istilahi. Haiwezi kunyambuliwa wala kuwekwa katika kichwa cha jedwali. Kwa hiyo umetaboli na libaki.

Sasa tueleze jambo lenyewe. Mafuta tuyalayo, yawe ya alizeti, ya ufuta, ya karanga au ya nyama, na mafuta tuyawekayo chini ya ngozi na kiunoni, yameumbwa kwa namna moja: gliseroli moja imeshikwa na asidi za mafuta tatu. Kwa uzito gliseroli ni kama sehemu moja kwa kumi ya mafuta. Sehemu tisa ni zile asidi. Mwili unapohitaji nguvu na chakula hakipo, vimeng'enya katika tishu za mafuta huyatenganisha hayo manne. Asidi za mafuta huchukuliwa na damu kwenda kwenye misuli na moyo, nako huunguzwa. Gliseroli haina kazi kubwa pale ilipofunguliwa, kwa sababu seli za mafuta karibu hazina kile kimeng'enya cha kuibandika fosfati. Basi huingia katika damu na kusafiri mpaka kwenye ini, na kwa kiasi fulani kwenye figo. Huko hubandikwa fosfati, kisha hubadilishwa kuwa dutu iliyo katikati ya njia ya glukosi. Kutoka hapo njia ni mbili: kuteremka na kuunguzwa, au kupanda na kuwa glukosi. Gliseroli mbili hutoa glukosi moja.

Jambo hili lina uzito ambao mtafsiri asipouona ataupoteza. Asidi za mafuta tulizonazo kwa wingi haziwezi kugeuzwa kuwa glukosi katika mwili wa binadamu. Katika mafuta yote aliyonayo mtu, sehemu iwezayo kwa kadiri ya maana kuwa sukari ya damu ni hiyo gliseroli peke yake. Na ubongo huhitaji kiasi cha gramu 120 za glukosi kwa siku. Kwa hiyo mtu akiandika kwa Kiswahili kwamba mwili wenye njaa hugeuza mafuta kuwa sukari, ameandika sentensi fasaha iliyo na kosa. Na akiandika kwamba hugeuza gliseroli ya mafuta kuwa sukari, ameandika ukweli. Tofauti ni neno moja tu, nalo ndilo linaloeleza kwa nini mtu mwenye mafuta tele mwilini naye huanza kula misuli yake katika siku za kwanza za njaa.

Purini nazo zina njia yao. Adenini na guanini ni herufi mbili katika maandishi ya urithi yaliyomo ndani ya kila seli, na adenini ni sehemu ya ile dutu iitwayo adenosini trifosfati, ambayo ndiyo sarafu ya nguvu ya mwili. Mwili hauzisubiri purini za chakula. Huzijenga wenyewe, hasa katika ini, kwa kuunganisha vipande vidogo sana. Mwishoni mwa miaka ya 1940 John Buchanan na wenzake huko Marekani walitaka kujua kila atomu ya purini inatoka wapi, wakawalisha njiwa dutu zilizotiwa alama, kisha wakaichambua asidi ya uriki iliyokuwamo katika kinyesi chao. Walichagua njiwa kwa sababu ndege huitoa nitrojeni ya mwilini mwao karibu yote katika umbo la asidi ya uriki. Mwalimu wa Songea hahitaji maabara kuonyesha jambo hili. Amwambie mwanafunzi akatazame kinyesi cha kuku uani: ile sehemu nyeupe ndiyo asidi ya uriki, kitu kile kile ambacho Scheele alikitoa katika jiwe la kibofu.

Purini zikichakaa, au zikiletwa na chakula zaidi ya mahitaji, hubadilishwa kuwa hipozanthini, kisha zanthini, kisha asidi ya uriki. Hatua mbili za mwisho hufanywa na kimeng'enya kimoja, oksidesi ya zanthini. Wanyama wengi wanyonyeshao huendelea hatua moja zaidi: wana urikesi, kimeng'enya kinachoigeuza asidi ya uriki kuwa alantoini, ambayo huyeyuka katika maji kwa urahisi. Binadamu na nyani wakubwa waliipoteza urikesi mamilioni ya miaka iliyopita. Kwa hiyo sisi huishia kwenye asidi ya uriki, na figo zetu hutoa kiasi cha theluthi mbili zake, na utumbo hutoa iliyosalia. Ikizidi kiasi cha miligramu 6.8 katika mililita 100 za damu, haiwezi tena kuyeyuka yote. Huanza kuwa fuwele, na fuwele hupenda mahali penye baridi kidogo kuliko kifua na tumbo, mathalani kidole gumba cha mguu.

Gliseroli na purini hukutana wapi? Hukutana katika ile sarafu ya nguvu. Fosfati inayobandikwa kwenye gliseroli hutolewa na adenosini trifosfati, ambayo ndani yake mna purini. Na hukutana kwa namna kubwa zaidi katika njaa. Mtu akikaa siku nyingi bila kula, mafuta yake hufunguliwa, gliseroli huenda kwenye ini kuwa glukosi, na asidi za mafuta hugeuzwa kwa sehemu kuwa dutu ziitwazo ketoni ambazo ubongo huweza kuzitumia. George Cahill na wenzake mjini Boston walichunguza katika miaka ya 1960 watu wanene waliokubali kufunga kwa majuma kadhaa. Wakakuta kwamba kufikia hapo ubongo ulikuwa umeacha kudai glukosi yote iliyokuwa ikiihitaji, na kwamba gliseroli ilikuwa ikitoa kiasi cha gramu 20 za glukosi kwa siku. Lakini hizo ketoni hushindana na asidi ya uriki mlangoni mwa figo, nayo asidi ya uriki hubaki katika damu na kuongezeka. Seli nazo zinapovunjwa huachia purini zao. Kwa maneno ya kawaida, mwili hujila wenyewe, na alama za mlo huo huonekana katika damu.

Cahill alikuwa na watu waliojitolea, wenye vitanda, maji na waganga. Ungoni haikuwa hivyo. Vita vya Maji Maji vilipoanza mwaka 1905 na kufika Songea, majeshi ya Kijerumani yalichukua njaa kuwa silaha: vijiji vilichomwa, maghala ya nafaka yaliteketezwa au kuchukuliwa, na watu walizuiwa kulima kwa wakati wake. Mwezi Februari 1906 viongozi wa Wangoni walinyongwa mjini Songea, na Nduna Songea Mbano, ambaye mji unaitwa kwa jina lake, naye alinyongwa mwaka huo. Waliouawa kwa risasi na kamba walikuwa wachache wakilinganishwa na waliokufa kwa njaa na maradhi iliyoyaleta. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria waliokufa katika sehemu zote za vita hivyo kuwa kati ya 250,000 na 300,000. Makumbusho ya Vita vya Maji Maji yaliyopo Songea huhifadhi kumbukumbu hiyo, na kila mwezi Februari watu hukusanyika huko.

Tunaitaja habari hii katika jarida la istilahi kwa sababu tumeona maandishi ya shule yakieleza njaa ya Maji Maji kwa neno moja, upungufu wa chakula, kana kwamba ni ghala lililopungua kwa ukame. Na tumeona maandishi ya afya yakieleza njaa kwa neno jingine, utapiamlo, ambalo ni hali nyingine. Utapiamlo ni mlo usio sahihi, hata kama tumbo limejaa. Mtu wa Ungoni mwaka 1906 hakuwa na utapiamlo kwanza. Alikuwa na njaa, na mwili wake ulipitia hatua tulizozieleza, moja baada ya nyingine, mpaka misuli ya moyo na ya kupumulia ikawa nayo imeliwa. Kiswahili kina kukonda, kudhoofu, kunyong'onyea na kufa njaa, na kila neno lina mahali pake. Mfasiri anayeyapita yote hayo akashika utapiamlo kwa kuwa lina sura ya kitaalamu amepunguza ukweli wa historia na wa sayansi kwa pamoja.

Turudi kwenye maradhi ya viungo, ambako hasara ya neno baya humpata mtu aliye hai. Mjini na vijijini, maumivu yote ya viungo huitwa baridi yabisi. Jina hili ni zee na lina historia yake: baridi na ukavu ni sifa mbili katika ile tiba ya kale ya Wagiriki na Waarabu, iliyoyahesabu magonjwa kwa joto, baridi, unyevu na ukavu. Hata Ulaya jongo liliitwa kwa neno la Kilatini lenye maana ya tone, kwa kudhani kwamba majimaji mabaya hudondoka kwenye kiungo. Mwaka 1848 Alfred Garrod wa London alionyesha kwamba damu ya mgonjwa wa jongo ina asidi ya uriki iliyozidi, na hapo jongo likatengana na maradhi mengine ya viungo. Kiswahili kilikuwa tayari na neno jongo. Tatizo ni kwamba halitumiki. Wanafunzi hulicheka wakidhani ni jongoo, na wengine hulichanganya na kijongo cha mgongoni.

Matokeo yake si ya kucheka. Mgonjwa aliyeambiwa ana baridi yabisi huvaa soksi, hujikinga na upepo, na hununua aspirini. Na aspirini kwa kipimo kidogo huzifanya figo zishindwe kuitoa asidi ya uriki. Aliyeambiwa ana jongo huulizwa habari za nyama, samaki na pombe, hupimwa damu, na huweza kupewa alopurinoli, dawa inayozuia ile oksidesi ya zanthini, iliyowapa Gertrude Elion na George Hitchings sehemu ya sifa ya Tuzo ya Nobel ya mwaka 1988. Twaomba watumishi wa afya na wafasiri wao walirudishe neno jongo mahali pake, na baridi yabisi libaki kwa maradhi mengine.

Wala tusiseme tindikali ya mkojo. Kwa mwananchi tindikali ni kile kitu kilichomo katika betri ya gari, kinachochoma nguo na ngozi. Mtu akisoma kwamba damu yake ina tindikali atadhani anachomeka ndani, naye atatafuta kitu cha kuizima. Na tumewaona wanaokunywa magadi kwa sababu hiyo. Asidi ya uriki ni asidi dhaifu, na madhara yake yatokana na fuwele, si na kuchoma. Neno asidi limekwisha kuzoeleka vitabuni, na ubaridi wake ndio uzuri wake.

Yapo pia maelekezo ya chakula. Orodha nyingi zinazotafsiriwa humkataza mgonjwa maini, figo, dagaa, nyama, kunde na maharage kwa pumzi moja, kwa sababu vyote vina purini. Mwaka 2004 yalitolewa matokeo ya uchunguzi uliowafuata wanaume zaidi ya 47,000 huko Marekani kwa miaka 12. Nyama na samaki viliongeza hatari ya jongo. Mboga na nafaka za jamii ya kunde zenye purini hazikuiongeza. Pombe iliiongeza, na bia zaidi ya pombe kali. Kwa mkulima wa Songea ambaye nyama huiona kwa nadra na maharage ndiyo protini yake ya kila siku, kosa hilo la orodha si dogo: ameondolewa maharage aliyoyahitaji, na pengine hakuulizwa juu ya komoni, ambayo hunyweka pamoja na hamira yake, na hamira ni chembe hai zilizojaa purini. Dagaa wa Ziwa Nyasa wanastahili kutajwa, maharage yaachwe.

Na kahawa je? Mbinga yalima kahawa, na msomaji makini atauliza, kwa kuwa Fischer aliiweka kafeini katika jamii ya purini. Jamaa ni jamaa, lakini njia zao zimetengana. Ini huiondolea kafeini vikundi vyake vya methili kimoja kimoja, na mwisho hutokea dutu zinazofanana na asidi ya uriki bila kuwa yenyewe, nazo hutoka katika mkojo bila kufanya fuwele za jongo. Mfasiri anayeandika kwamba kafeini ni purini asiishie hapo, asije akawatisha wakulima wa Umatengo kwa sentensi iliyo sahihi.

Limebaki neno moja ambalo kwa maoni yetu bado halijapata jina la kuridhisha. Mwili haupotezi purini zote zilizochakaa. Sehemu kubwa yake huzikusanya tena na kuzirudisha kazini, kwa kuwa kuzijenga upya kunahitaji hatua nyingi na nguvu nyingi. Watoto wachache huzaliwa bila kimeng'enya cha kazi hii, na damu yao hujaa asidi ya uriki tangu uchanga. Tumeona kazi hiyo ikiitwa uokoaji wa purini, na uokoaji watukumbusha zima moto na watu waliozama. Sisi tungependelea uokotezaji. Baada ya mavuno ya karanga na mahindi, wanawake na watoto hurudi shambani kuokoteza kilichosalia, na hakuna mwanafunzi wa Ruvuma ambaye hajaifanya kazi hiyo. Wasomaji walio na neno lililo bora kuliko hili, hasa walimu wa biolojia na wenzetu wa mahospitalini, twawaomba walilete kwa Mhariri pamoja na sentensi mbili au tatu zinazoonyesha linavyotumika.